Zaka ya Waliokuwa Wakipokea

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba mvua ilikatika katika mji mmoja wa mabonde ya Hadhramaut mpaka watu wakala mbegu walizoweka kwa ajili ya kupanda. Hapo mjini palikuwa na ghala la wakfu, na aliyegawa chakula alikuwa Bibi Shuhda binti Maymuni, mjane mcha Mungu, aliyesema Bismillahi kwa kila pishi ya mtama aliyompimia mtu.

Lakini niseme kweli: waja wema nao ni watu. Ilipofika Ramadhani, Bibi Shuhda alikuwa amechoka roho. Kila siku watu walewale, na rundo la mtama linapungua. Akaanza kukata tamaa na viumbe.

Alasiri ya siku ya mwisho ya mfungo, alimpimia mtu wa mwisho mtama wa mwisho, wenyeji wakiwa bado uani wanafunga mafurushi yao. Hajafunga mlango, wakafika mabedui waliokimbia ukame, wamebeba watoto migongoni. Mama mmoja akamfunulia mwanawe.

"Bibi, tangu jana halii," akasema. "Angalau angelia."

Bibi Shuhda akalainisha kwa maji tende yake ya kufuturia, akamlambisha mtoto. Hakuwa na kingine.

Kaka yake Jundubu, msimamizi wa wakfu, akamvuta kando. "Dada, waambie wote warudi kesho, chakula kipo. Wakijua ghala ni tupu, patachafuka hapa."

Alikuwa mtu wa busara, yaani zile busara zinazotuponza wengi.

"Kaka, nimewapimia kwa haki siku zote hizi," akajibu. "Nimalizie kwa uongo, tena nimefunga?"

Akasimama kizingitini, akapaza sauti: "Enyi waja wa Mungu, ghala limekwisha. Halina hata punje. Na wageni hawa hawajala. Nisameheni."

Watu wa mji wakainamisha vichwa, wakaenda zao; wageni wakalala barazani. Hakuna aliyesema hata pole. Jambo hilo lilimuuma Bibi Shuhda kuliko njaa yenyewe.

Alfajiri ya Idi, takbira zikisikika, alifungua mlango ili afagie. Akakuta watu wamejipanga kama kawaida yao. Hasira zikampanda.

"Si niliwaambia jana? Mnataka niwapimie vumbi?"

Mbele alisimama Bibi Ghazala, msuka mikeka, ajuza asiyeona. "Hatukuja kupokea, mwanangu," akasema, akimnyooshea kikapu kidogo. "Hii ni zaka yangu ya fitri."

"Zaka? Wewe, mama? Zaka ya fitri hutolewa na aliyebakiwa na ziada ya chakula chake cha Idi."

"Ziada ninayo. Kila nilipopika daku nilipunguza konzi moja, nikaiweka. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa kupewa tu. Nikamwomba Mola asinifikishe Idi nikiwa sina cha kutoa. Nilidhani nitampa jirani, naye anipe mimi. Jana ulipotuambia ukweli, ndipo tukajua ni ya nani."

Na nyuma yake wote walikuwa vivyo hivyo: huyu ana mtama, yule shayiri, mwingine tende kavu kwenye pindo la nguo. Wala hawakuwa wameshauriana; kila mmoja alijiwekea kivyake, wakajuana pale mlangoni. Subhanallah! Bibi Shuhda akasujudu palepale vumbini. Jundubu akaenda kuwasha moto.

Uji ukapikwa upesi, wageni wakanywa. Watu walipokwisha kupanga safu za swala ya Idi, yule mtoto akalia, kilio kikali cha mtoto mwenye nguvu zake. Inasemekana hakuna aliyembembeleza mtoto anyamaze.

Ndugu zangu, njaa haikuisha siku ile, na mvua ilikawia sana baadaye. Lakini Bibi Shuhda hakukata tena tamaa na waja wa Mungu. Nasi tusikate, maana hatujui jirani anajinyima nini wakati sisi tunamdhania vibaya.