Vikombe Sitini vya Uji

Hapo zamani, si ile ya majitu, ni ya juzijuzi tu yenye viti vya plastiki na kipaza sauti kinachokoroma, Bodi ya Elimu ya jimbo moja la milimani ilitoa sera mpya: shule yenye watoto pungufu ya sitini ifungwe. Tulieni basi, nyie wa nyuma, mimi sirudii.

Shule ya Mtindili ilikuwa na watoto hamsini na wanne daftarini. Ikifungwa, hata wadogo wa darasa la kwanza wangevuka mto kila asubuhi kwenda shule ya ng'ambo. Lakini Nakijwa, mpishi wa uji wa pale, alijua jambo ambalo daftari halikulijua. Kila siku alijaza vikombe sitini, na vyote vilirudi vitupu. Watoto sita walikuwa wanasoma bila kuandikwa, kwa sababu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa.

Nakijwa akaenda kwenye mkutano wa Bodi kutoa maoni. Sasa sikieni sheria za mkutano ule. Mwananchi hupewa dakika tatu, kengele ikilia ananyamaza. Karatasi hazipokelewi, ni mdomo tu. Asiyejiandikisha asubuhi hasemi, na akiropoka, kikao kinavunjwa. Na Nakijwa, jamani, alikuwa na kigugumizi.

Mwenyekiti akamwambia, "Mama, wataje hao sita. Atakayetajwa atahesabiwa. Asiyetajwa hayumo."

Nakijwa akaanza. Jina la kwanza likatoka. La pili likagoma, likavutwa, likatoka. Wazazi wa wale watoto walikuwa wamekaa palepale, majina wanayajua, lakini nani athubutu? Wamebana midomo, mishipa ya shingo imewatoka, ungedhani wao ndio wanaosukuma. Jina la tatu halijatoka, kengele ikalia.

Akasimama Mzee Senkoro, mtu wa kijiji cha mbali, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu Mtindili. Yeye alikuja kuomba mwalimu wa hesabu kwa ajili ya kijiji chake. Ilikuwa mara yake ya tatu mwaka ule, na kikao kile kilikuwa cha mwisho. Akasema, "Mwenyekiti, dakika zangu tatu nampa huyu mama." Sheria ilikuwa inaruhusu.

Likatoka jina la tatu, likatoka la nne, likatoka la tano. Likabaki la mtoto mmoja, Mbwana, na herufi yake ya kwanza ilikuwa adui wa Nakijwa tangu utotoni. "M... m... m..."

Muda ukaisha. Karani wa kengele aliitwa Kilua, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosea hata sekunde moja. Akanyoosha mkono, akaushika ulimi wa kengele kiganjani, akatulia nao. Mwenyekiti akamkodolea macho. Kilua akatazama dari.

"Mbwana!"

Weee! Vigelegele, nderemo, viti viwili vikavunjika kwa kuchezewa. Sitini kamili, shule imebaki. Siku hiyohiyo Kilua akahamishiwa stoo ya chaki, na Mzee Senkoro akarudi kwao bila mwalimu, ila anaimba njia nzima.

Mwezi uliofuata ikaja barua. Mtindili imepewa kiti kimoja kwenye Bodi, wamchague wamtakaye, hata kama si mkazi wa pale. Na mjumbe wa Bodi hawekewi muda. Husema mpaka amalize. Wanakijiji wakawaita wale watatu, wakawapikia makande, wakawauliza.

Nakijwa akasema, "Ni-nipeni m-mimi. Vikombe nilivihesabu mimi, majina niliyataja mimi, aibu niliibeba mimi. Tangu nizaliwe wa-watu hunimalizia maneno yangu. Nataka pa-pahali pa kuyamaliza mwenyewe."

Mzee Senkoro akasema, "Mwanangu, ulitaja kwa dakika za nani? Wewe ulihangaikia watoto wa kwenu, na ni haki yako. Mimi nilichukua cha watoto wa kwetu nikawapa wa kwenu. Wale wangu mpaka leo wanahesabia vidole. Nipeni kiti nikawaombee."

Kilua akasema, "Wakubwa zangu, nyinyi wote mlifuata sheria. Mimi niliivunja, na kazi niliyoipenda imekwenda. Bila kiganja hiki, watoto ni hamsini na tisa na shule ina kufuli."

Watu wa Mtindili wakatazamana. Mmoja akauliza kama hawawezi kupeleka benchi badala ya kiti, wakacheka mpaka machozi. Lakini barua imesema mtu mmoja, na jina linatakiwa kesho asubuhi.

Msinitazame mimi, mimi nimeshamaliza ya kwangu. Kalamu hii hapa, nafasi ni moja. Yuko aliyesema, yuko aliyetoa, yuko aliyevunja. Je, nani alistahili? Wewe ungemwandika nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?