Moshi Juu ya Bwawa la Mgongolo

Nyuki hawahesabiwi, hufukizwa. Hivyo ndivyo mlivyomsikia mkufunzi wenu akimwambia yule kuruta aliyekuwa akihangaika na shabaha kumi kwa mpigo, nanyi mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi, maana wengi wenu hamjapata kuuona hata mzinga wa nyuki. Ketini basi. Methali hii ni changa kuliko mimi, na chanzo chake ni hiki.

Mwaka wa pili wa vita vya mpakani, ulinzi wa Bwawa la Mgongolo ulikuwa mikononi mwa Kapteni Milembe Kasanda, mwanamke mrefu, mpole wa maneno, aliyesomea mambo ya rada. Bwawa lile ndilo lililowasha taa za miji mitano na mashine za hospitali zake zote. Kapteni alipewa makombora kumi na mawili ya kutungulia ndege, akaambiwa yanatosha, kwa kuwa adui hakuwa na ndege za kivita zaidi ya sita.

Adui hakuleta ndege za kivita. Jumanne moja, saa tatu asubuhi, rada ilionyesha madoa arobaini yakija kutoka kaskazini. Zilikuwa droni, kubwa kuliko zote haikuzidi meza ya kulia chakula, zikiruka pamoja na kugeuka pamoja kama kitu kimoja. Milembe alifanya alivyofundishwa. Alichagua moja, akaitungua. Akachagua nyingine, akaitungua. Kumi na moja zilianguka. Kombora la kumi na mbili lilipokosa, droni ishirini na tisa zilikuwa bado angani, naye hana kitu mkononi. Zikashukia kituo cha umeme kilicho chini ya ukuta wa bwawa, zikateketeza transfoma mbili kati ya tatu. Askari wake wawili walikufa, na miji mitatu ilikaa gizani siku tisa.

Uchungu mwingine ulimpata alipokwenda kuokota mabaki. Karibu zote alizozitungua zilikuwa za mbao nyepesi na plastiki, hazina hata chembe ya baruti. Zilitangulizwa makusudi ili zimmalizie makombora.

Kanali Mwakitalu wa makao makuu alimletea transfoma mpya na makombora mengine kumi na sita, pamoja na amri kwamba safari hii aanze kupiga mapema. Milembe aliyapokea, lakini moyo wake haukutulia. Droni moja huundwa kwa siku moja, kombora huundwa kwa miezi. Aliona wazi kwamba hata akiongezewa mia, adui ataongeza mia mbili.

Sasa, asubuhi moja kundi la nyuki lilitua kwenye mlingoti wa rada. Askari walianza kuwapiga kwa kofia na matawi, wakaumwa mpaka wakatawanyika. Ndipo akaja Sajini Ndalahwa, mtu wa makamo, ambaye ukoo wake ulikuwa wa warina asali tangu zamani. Aliwasha majani mabichi ndani ya debe bovu, akalisogeza taratibu chini ya mlingoti. Muda si mrefu nyuki wakalegea, wakawa wanazunguka ovyo, naye akawakung'utia ndani ya sanduku bila kuumwa hata mara moja. Milembe, aliyekuwa akitazama, alimwuliza kwa nini vijana walishindwa.

“Ukiua mmoja mmoja, Afande, jua litazama na wao watabaki,” alisema Ndalahwa. “Nyuki hawahesabiwi, hufukizwa. Moshi unawapotezea harufu ya wenzao. Kila mmoja anabaki peke yake, na nyuki wa peke yake hana vita.”

Milembe aliyatupia macho mabaki ya droni. “Na hizi droni, zinanusana kwa kitu gani?”

“Hilo, Afande, wewe ndiye uliyelisomea.”

Kapteni alikwenda moja kwa moja kwa mafundi wake, wakafungua droni ambazo hazikuungua. Baada ya siku tatu walikuwa na jibu. Zilikuwa zikizungumza kwa mawimbi ya redio, na zote zilipokea maelekezo kutoka kwa moja kubwa iliyozunguka juu sana, nyuma ya kundi. Zile zenye mabomu zilikuwa na kamera za kulitambua lengo zikishakaribia. Milembe akaomba mitambo ya kuvuruga mawimbi, akaletewa miwili. Wavuvi wa bwawani wakampa nyavu zao kuukuu, zikatandazwa juu ya nguzo kuzifunika transfoma. Kukizunguka kituo akarundika matairi na majani mabichi, na nyuma yake akapanga bunduki za rashasha. Makombora aliyaweka kando, akakataza yasiguswe bila neno lake.

Droni zilirudi siku ya Ijumaa, mchana kweupe, na safari hii zilifika tisini. Kanali alikuwa akifuatilia kwa redio.

“Kapteni, mbona kimya? Piga.”

“Bado, Afande.”

“Hiyo ni amri.”

“Nimeielewa, Afande. Nikipiga sasa nitabaki mikono mitupu kama siku ile. Nipe dakika tatu, kisha nishitaki.”

Milembe hakungoja jibu la redio. Kundi lilipokaribia bwawa, aliamuru mitambo iwashwe na matairi yachomwe. Kundi likayumba. Droni zilizokuwa zikigeuka pamoja zikaanza kugeuka kila moja na njia yake; nyingine ziligongana, nyingine zikajitumbukiza bwawani. Zilizosonga mbele kwa kamera zilikuta ukuta wa moshi mweusi, zikapita juu ya kituo bila kukiona. Rashasha zikazipokea. Tatu zilipenya, zikanasa kwenye nyavu na kulipukia huko juu. Ndalahwa alijeruhiwa bega. Wakati huohuo rada ikamwona mama yao, ile droni kubwa ya juu, akishuka chini kuwatafuta wanawe. Milembe alitoa neno, makombora mawili yakaondoka, na la pili likampata. Zilizobaki zikawa takataka za angani.

Siku ile hakuna taa iliyozimika katika miji ile mitano.

Kesho yake Kanali Mwakitalu alifika mwenyewe. Alikagua nyavu zilizoungua, akamjulia hali Ndalahwa aliyefungwa bega, kisha akatoa kalamu ili aandike ripoti. Habari ya mashitaka hakuigusa. Alimwuliza Kapteni ameangusha droni ngapi.

“Sikuhesabu, Afande,” alisema Milembe, kisha akamtazama Sajini wake amalizie.

Kanali aliyaandika maneno ya Ndalahwa kama yalivyo, pale palipotakiwa idadi. Ripoti ilisomwa kambi kwa kambi, na tangu hapo kila mlinzi wa anga hufundishwa kwanza kuuliza kundi linashikamana kwa kitu gani, ndipo aguse silaha. Nyuki hawahesabiwi, hufukizwa.