Eda ya Farasi

Twaanza kwa kumhimidi Mola aliyeumba wanyama akatukabidhi wawe amana, na kwa kumswalia Mtume wake mwenye huruma. Kisa hiki nilikisikia kwa maalimu wangu, Sheikh Sharwani bin Faki, naye alikipokea kwa mjomba wake, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kando ya jangwa alikuwapo mwanamke mchamungu aitwaye Rumaysa, mama wa Hatim. Yeye ndiye aliyesimamia farasi watano wa wakfu. Kila siku farasi hao walibeba viriba vya maji hadi kituo cha wasafiri kisichokuwa na kisima. Lau wangeugua, watu wangekufa kwa kiu.

Siku moja Dhirar, mtu mwenye hadhi, alileta farasi wa sita awe sadaka. Alikuwa dume jeusi, manyoya yanang'aa. Ilikuwa desturi ya mji huo farasi mgeni anyweshwe kwanza katika hori la wenyeji wake, asijione mpweke. Bibi Rumaysa akampangusa pua kwa kiganja chake, akaiona kavu. Hata hivyo akamfunga peke yake nyuma ya ukuta, akampa ndoo yake mwenyewe, na kila alipotoka kwake alinawa na kubadili shuka.

Dhirar akaghadhibika. "Mama Hatim, kwetu mgeni hatengewi kata ya maji. Unanishuku?"

"Namshuku farasi, ndugu yangu. Wewe sikushuku."

Majirani wakacheka. Mmoja akasema, "Subhanallah! Dume zima linakaa eda! Limefiwa na mume gani?"

Bibi Rumaysa naye akatabasamu. "Basi na akae eda. Mjane hawekwi eda kwa kutuhumiwa, bali ili kilichofichika tumboni kipate kudhihiri."

Siku ya saba farasi alikuwa bado mzima. Minong'ono ikazidi: bibi ana kiburi, bibi anadharau sadaka ya watu. Dhirar akarudi na kamba mkononi. "Leo anywe na wenziwe, au naondoka naye."

Inasemekana moyo wa bibi ulitikisika, kwani aliogopa kuwa huenda dhana yake ilikuwa dhambi. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amemwona farasi akinyoosha shingo kila anapomeza, na majani mengi yakabaki. Akasema, "Nisubirie siku tatu. Ukikataa, mchukue, nami nitakuombea."

Dhirar akasita. Akaiangusha kamba, akaenda zake.

Siku ya tisa farasi akashikwa na homa. Ya kumi, pua zikatiririka usaha, na uvimbe ukamtoka chini ya taya. Watu wale wale waliomcheka bibi sasa wakamgeukia Dhirar. "Alijua! Ametuletea maradhi kwa jina la sadaka!"

Bibi Rumaysa akasimama mbele yao. "Nashuhudia kwamba siku aliyofika pua yake ilikuwa kavu. Niliipangusa kwa mkono huu. Kumtuhumu farasi ni tahadhari; kumtuhumu Muislamu bila hoja ni dhuluma."

Dhirar aliposikia anatetewa, akainamisha kichwa. "Usinishuhudilie, mama. Njiani tulilala kwenye nyumba ya wasafiri. Pale palikuwa na farasi anayekohoa, naye na huyu wangu wakanywa ndoo moja. Nilinyamaza nikichelea sadaka yangu isirudishwe."

Bibi akasema, "Eda imetimia. Kilichofichika kimedhihiri."

Farasi akauguzwa nyuma ya ukuta hadi akapona, na wale watano hawakuguswa. Aliyemchotea maji siku zote hizo, kwa ndoo ya peke yake, alikuwa Dhirar.

Enyi ndugu, tahadhari tuliyopewa tuiweke mahali pake: kwenye ndoo na hori, si kwenye heshima za watu. Na aliye na neno alilolificha, alitoe kabla halijawa uvimbe. Mola azitakase nyoyo zenu mliosikiliza, awape afya nyinyi na kila kiumbe kinachokula mikononi mwenu. Amin.