Meli Nzima Sebuleni kwa Bi Mwanakhamisi

"Karibu ya mmoja, sinia la mtaa."

Bi Amria aliitamka methali hii bila kuinua macho, kisu mkononi, pale wajukuu zake walipolalamika kwamba wanamenya vitunguu vya arusi isiyo yao.

"Bi arusi ni wa nyumba ya tatu," alinung'unika mmoja, "lakini machozi yanatutoka sisi!"

Wenzake wakacheka, kisha wakataka kujua methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hawakuisoma. Bi Amria akasogeza beseni kando. Akawaambia ilizaliwa papa hapa Kibokoni, na ilizaliwa hivi.

Siku moja meli kubwa ya watalii ilifunga gati Kilindini, na abiria wake wakapewa nusu siku tu ya kuuona mji wa Mombasa. Kundi moja alikabidhiwa Saumu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka chuoni. Ilikuwa ziara yake ya kwanza, tena ya majaribio. Msimamizi wake, Bwana Twalib, alimvisha kitambulisho shingoni akamwonya:

"Meli haimngoji mtu. Adhuhuri wote wawe ndani ya basi pale Ngomeni. Ukimwacha hata mmoja, kitambulisho hiki utakirudisha leo leo."

Kazi ile Saumu aliitamani tangu utotoni. Aliamini kwamba mgeni akioneshwa kuta na mizinga pekee, bado hajauona mji. Mji ni watu. Kwa hiyo, baada ya ngome, aliwapitisha wageni wake kwenye vichochoro vya Kibokoni, akiwaeleza milango ya nakshi na mabaraza. Akawafundisha na adabu: nyumba ya Mswahili haiingiwi na viatu.

Basi wakampita Bi Mwanakhamisi, amekaa mlangoni pake na sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. Naye, kama mtu yeyote wa pwani anayekutwa akila, akasema, "Karibuni!"

"Starehe, bi!" Saumu akajibu, kama inavyojibiwa, akaendelea na safari.

Nyuma yake mzee mmoja mwenye kofia ya ukili akauliza mama yule amesema nini.

"Anawakaribisha mle naye," Saumu akamjibu kwa lugha yao, bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa anautafuta mlango mwingine wa kuwaonesha. Alipoupata na kuanza kuueleza, alijikuta anaueleza peke yake. Kichochoro kilikuwa kitupu. Mbele ya nyumba ya Bi Mwanakhamisi palikuwa na rundo la viatu.

Akarudi mbio. Bi Mwanakhamisi alikuwa amesimama kizingitini, bakuli kifuani.

"Saumu mwanangu, umewaambia nini hawa?"

"Nimewaambia ulivyosema, bi."

"Mie nimesema karibuni!"

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Haya! Mahamri yenyewe sita, na mume wangu hajala!"

Saumu alichungulia ndani. Wageni walikuwa wameketi mkekani, wamekunja miguu kwa taabu, nyuso zimewang'aa kama watoto siku ya Idi. Hawakujua kwamba karibu ile ilikuwa ya kujibiwa starehe na kupitwa. Akajiona mkosaji.

"Niwaambie ilikuwa salamu tu, bi? Watoke?"

Bi Mwanakhamisi alimtazama kana kwamba ametukana. "Mgeni keshavua viatu umwambie nilikuwa natania? Karibu ikishatoka mdomoni haimezwi."

Akachukua mwiko, akagonga ukuta wa jirani. "Bi Rehema! Una nini jikoni?"

"Viazi vya karai! Kwani kuna nini?"

"Kuna meli!"

"Meli gani?"

"Meli nzima imo sebuleni kwangu!"

Habari ikaruka kutoka dirisha hadi dirisha. Viazi vikaja vingali vinachuruzika mafuta. Ikaja birika ya chai ya tangawizi, ukaja mkate wa mofa, likaja jagi la maji ya ukwaju. Fundi cherehani aliyekaa peke yake akaja na ndimu mbili viganjani. "Mie sina kitu," alisema, "lakini viazi bila ndimu ni viazi gani?" Vijana wakaliteremsha sinia kubwa la mtaa, lile la arusi na hitima, vyakula vyote vikapangwa humo, wageni wakalizunguka.

Saumu akasahau saa. Aliikumbuka pale Bwana Twalib alipotokea mlangoni akihema.

"Basi linanguruma, wewe unafanya karamu?"

"Twalib, mwana wa Mwanasha, karibu," akasema Bi Mwanakhamisi.

"Starehe, bi. Tumechelewa."

Lakini yule mzee wa kofia alikuwa amejifunza. Akajisogeza, akapiga mkeka kwa kiganja, akasema kwa ulimi mzito, "Karibu!" Nyumba nzima ikacheka, na Bwana Twalib, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, akajikuta anamega hamri.

"Moja tu," alisema. Akala matatu.

Kisha honi ya meli ikasikika kutoka Kilindini. Wote wakainuka, wakavaa viatu, wakatoka. Saumu alipotazama mlangoni, palibaki jozi moja, raba nyeupe.

"Kuna mtu ndani!"

Wakamkuta jikoni, bibi mmoja mnene, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi kwa bidii, nazi imemrukia hadi kwenye nyusi, Bi Rehema akimsimamia: "Polepole, shoga, utakuna na kidole!"

Mtaa mzima ukawasindikiza. Huyu kashika mkoba, yule kashika mkono wa mzee, na aliyejua njia ya mkato akatangulia. Adhuhuri ikiadhiniwa, mgeni wa mwisho alikuwa anapanda basi, na hakuna aliyeachwa.

Saumu alikivua kitambulisho akampa Bwana Twalib, macho chini, kwa kuwa saa ilikuwa nusura impite. Bwana Twalib akamvisha tena.

"Meli nyingine inakuja," alisema, akijifuta mbaazi kidevuni. "Wapitishe njia ile ile. Ila uwahi kidogo."

Jioni watu walimsifu Bi Mwanakhamisi kwamba amelisha meli. Akakataa sifa.

"Nililisha meli kwa mahamri sita? Karibu ilikuwa ya mmoja. Sinia lilikuwa la mtaa."

Bi Amria akamaliza, akashika tena kisu chake. Wajukuu walitazamana. Kisha yule aliyelalamika akalivuta beseni karibu yake, akachagua kitunguu kikubwa kuliko vyote, akapangusa macho kwa mkono wa kanzu.

"Haya, leteni visu," akasema. "Karibu ya mmoja, sinia la mtaa."