Punda wa Yeremia na Siku ya Mapumziko

Paukwa!

Pakawa! Haya, sogeeni. Aliyechoka asisimame, akae.

Hapo zamani za kale palikuwa na Punda, mali ya Mkristo mmoja jina lake Yeremia. Juma zima Punda alibeba mahindi, kuni na mawe. Jumapili Yeremia akitoka kanisani huvua viatu, hujinyoosha kitini, hualika wageni. Wageni wanataka chai, wanataka wali, wanataka maji ya kunawa. Basi Punda hushuka mtoni na Tabitha, mke wa Yeremia, wakapanda kilima na madumu.

Punda alichoka. Alichoka mpaka masikio yakalala.

Jumapili moja akauliza, "Bwana, leo si siku ya kupumzika?"

"Ni yetu tuliobatizwa," Yeremia akajibu. "Wewe nenda mtoni."

Punda akaenda.

Jumapili ya pili akasema, "Bwana, miguu inatetemeka."

"Kwani kilima kimeongezeka? Nenda mtoni."

Punda akaenda.

Jumapili ya tatu hakusema kitu. Nguvu za kusema hakuwa nazo. Katikati ya kilima magoti yakamkunjika, akaanguka pu! Madumu yakapasuka. Tabitha akaketi mavumbini, akamlalia shingoni. Hakulia. Hata kulia ni kazi.

Yeremia akaja mbio na fimbo. "Inuka! Wageni wanangoja!"

Punda akafumbua jicho moja. "Nipige tu, bwana. Nikifa nitapumzika."

"Baba Eliakimu," Tabitha akamwambia mumewe polepole, "mimi nami Jumapili siijui. Ile amri ya kupumzika unayotusomea imemtaja hata mnyama. Mbona hapo unaparuka?"

Yeremia akaiweka fimbo chini. Akainama kumfungua Punda kamba. Mgongo ulikuwa kidonda kitupu. Yeremia akaona haya, akaketi nao palepale. Wageni walingoja, wakachoka, wakaenda zao.

Tangu hapo maji yalitekwa Jumamosi, na Yeremia alibeba dumu lake. Jumapili jiko likapoa, wakala kiporo. Walisali wote, wakarudi, wakalala. Punda naye akalala, akalala, akalala. Kidonda kilifunga, ila miguu haikurudia nguvu zake za zamani.

Ndugu zangu, siku ya Bwana haitunzwi na mtu anayepumzika juu ya mgongo wa mwingine. Ukipumzika, wapumzishe na walio chini ya mkono wako.

Hadithi yangu imetua mzigo hapa. Nanyi tueni yenu.