Kwa Nini Ukuta wa Ndiva ya Mrangeni Unavukwa Pekupeku

Kulikuwa na wakati ambapo ukuta wa ndiva yetu ulikuwa njia kama njia nyingine. Ndiva ndilo jina la bwawa hapa kwetu Upare, nanyi mmeiona: ukuta wa mawe na udongo, urefu wake kama hatua mia mbili, umeuziba Mto Sasira juu kidogo ya soko. Siku hizo ng'ombe walipitishwa juu yake wakienda mnadani. Mikokoteni ilipita. Wenye viatu walipita na viatu vyao, wasio navyo walipita na haraka zao, na hakuna aliyetazama alipokanyaga.

Waliojenga ukuta huo majina yao tumeyasahau. Tunachojua ni kwamba walipokezana mawe kwa mikono kwa misimu mitatu ya kiangazi, na katikati ya ukuta wakashindilia udongo mwekundu wa kilima cha Kwankuu, kwa sababu udongo huo haupitishi maji upesi. Masika ndiva ilijaa, na kiangazi maji yakafunguliwa kidogo kidogo kwenda kwenye mahindi na maharage. Mji ukakua chini ya ukuta, kwa kuwa huko ndiko maji yalikoelekea. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Mlinzi wa ndiva zama hizo aliitwa Mrindoko. Alikuwa mtu makini, asije mtu akawaambia alikuwa mvivu. Kila asubuhi alifungua mlango wa maji, akagawa zamu za mashamba, kisha akatembea juu ya ukuta kutoka ncha hii hadi ile. Alikuwa amerudi kutoka kazi ya reli na viatu vya ngozi vyenye misumari, na alipotembea vililia ko, ko, ko juu ya mawe. Aliusikiliza mlio huo. Ukiwa mkavu, alisema ukuta ni mzima.

Chini ya ukuta, upande wa kulia, aliishi mfinyanzi mmoja mjane aitwaye Namkunda. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa amekanyaga udongo wa vyungu tangu utotoni, na kwa nyayo tu alijua kama una mchanga, kama umelowa vya kutosha, kama utapasuka ukitiwa motoni.

Mwaka mmoja masika yalipokwisha, ndiva ikiwa imejaa hadi ukingoni, Namkunda alipita kwenye majani ya chini ya ukuta akienda kuchimba udongo. Akahisi baridi. Mahali penye upana wa mkeka, ardhi ilikuwa laini na maji yalichuruzika kutoka kwenye mawe. Hilo halikumshtua, maana kila ukuta wa udongo hutoa jasho kidogo. Kilichomshtua ni mchanga uliokuwa ukisogea chini ya vidole vyake. Akakinga maji yale kwenye bakuli, akaliweka kivulini, akangoja. Yalipotulia, chini ya bakuli palibaki tope jekundu. Huku chini ya ukuta ardhi ni nyeusi. Udongo mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, ndani ya ukuta wenyewe.

Akalibeba bakuli hadi kwa Mrindoko.

"Baba Mrindoko, ukuta unaondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Unatoka na maji, kidogo kidogo, kwa ndani."

Mrindoko alitazama tope, akarudisha bakuli. "Binti, ukuta huu ulikuwepo kabla mama yako hajazaliwa. Nimepita juu yake asubuhi hii. Ni mkavu."

"Wewe umepita juu," Namkunda akasema. "Mimi nimepita chini."

Akaenda zake. Kesho yake alikinga bakuli la pili, na siku iliyofuata la tatu. Tope la kwanza lilikuwa jembamba kama ukucha. La tatu lilifika unene wa kidole gumba. Siku hiyo ya tatu ilikuwa siku ya soko, na Mrindoko alikuwa akigawa zamu za maji mbele ya wakulima. Namkunda akayapanga mabakuli yote matatu miguuni pake.

"Vua viatu, twende," akamwambia.

Wakulima wakaangua kicheko. Mmoja wao, Sekiete, mtu wa shamba kubwa na sauti kubwa, akasema, "Leo mlinzi wetu anafundishwa kutembea!"

Mrindoko alikunja uso, akafungua kinywa ajibu. Kisha akalitazama bakuli la tatu, akakifumba. Halafu akainama, akafungua kamba za viatu.

Wakashuka wote wawili. Alipokanyaga pale penye majani, maji baridi yalimpanda hadi kwenye vifundo, na mchanga ukamkimbia chini ya nyayo kama mkeka unaovutwa na mtu. Maji hayakuwa yakichuruzika tena. Yalikuwa yakitokota kama uji, mekundu. Mrindoko aliupanda mteremko mbio, pekupeku, akipiga kelele watu walete majembe na mitarimbo.

Mlango wa maji ulifunguliwa wote, lakini ulikuwa mwembamba. Kwa mlango huo ndiva ingechukua siku kumi kupungua. Mrindoko akaamuru ukingo ukatwe kwenye ncha ya kushoto, pale ukuta unapoegemea mwamba, ili maji yateremkie bondeni pasipo na nyumba. Maana yake ilikuwa kuyamwaga maji ya kiangazi chote. Sekiete akasimama mbele yake.

"Ukiyamwaga haya, watoto wangu watakula nini mwezi wa tisa?"

"Sijui," Mrindoko akajibu. "Najua tu kwamba watakuwepo."

Sekiete alimtazama, akatazama soko lililojaa watu chini yao, akauchukua mtarimbo mkononi mwa jirani na kuanza kupiga.

Walichimba hadi alasiri, maji yakapata njia. Namkunda alipita sokoni kibanda kwa kibanda. "Pandeni juu. Acheni mizigo." Wengine walimtukana, lakini walipanda.

Kesho yake kabla ya adhuhuri, ukuta uliketi. Ndivyo shangazi yangu, aliyenisimulia kisa hiki, alivyosema, uliketi, kama mtu aliyechoka. Ndiva ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Hata hivyo maji yalichukua vibanda vya soko, daraja, mbuzi kumi na mmoja, na tanuri ya Namkunda pamoja na vyungu vilivyokuwa vikikauka. Hakufa mtu. Nalisema taratibu kwa sababu wasimuliaji wengi hulipita mbio: hakufa mtu.

Kiangazi kikaja na mashamba yakakauka. Watu waliokuwa wamemshukuru Namkunda wakaanza kunong'ona. Wakasema ule mkato ndio uliodhoofisha ukuta, na kwamba angenyamaza wangekuwa na mahindi. Wakaacha kununua vyungu vyake. Aliyekuja uani kwake ni Mrindoko peke yake.

"Nimekuja kununua chungu," akasema.

"Sina pa kuchomea. Tanuri imekwenda."

Mrindoko akakunja suruali, akaanza kumkanyagia udongo wa tanuri mpya.

Kabla ya vuli, mji ulikusanyika kuukarabati ukuta. Walipochimba kando ya pale ulipobomoka, kwenye sehemu iliyokuwa bado imesimama, walikuta shimo. Wajenzi wa kwanza walikuwa wameacha kisiki cha mkuyu ndani ya ukuta. Kisiki kilioza, na kila mzizi uliooza uliacha njia ya maji. Sekiete alitambaa ndani kuona shimo linaishia wapi. Zikabaki kuonekana nyayo zake tu. Alipotoka nywele zake zilikuwa zimejaa udongo mwekundu, na ile sauti kubwa haikuwepo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Namkunda.

"Mama, nilikucheka."

"Nilisikia."

"Nisamehe."

Namkunda alimwangalia, kisha akaonyesha kilima cha Kwankuu. "Lete udongo," akasema.

Udongo ukaletwa, nao wakaukanyaga kwa miguu yao, wanaume kwa wanawake, na hakuna tonge lililoingia ukutani kabla Namkunda hajalipitia kwa nyayo. Mabaki ya kisiki na mizizi yake yote yaling'olewa. Ule mkato wa kushoto haukuzibwa, bali ulijengewa kingo za mawe uwe njia ya maji ya ziada, ndiyo maana ndiva yetu haijai hadi ukingoni, hata mvua inyeshe vipi.

Na kuanzia mwaka ule hadi huu tulio nao, ng'ombe na mikokoteni huzunguka kwenye daraja lililojengwa upya, na kila anayeukanyaga ukuta wa Mrangeni, awe mkulima au mkuu wa wilaya, hukanyaga pekupeku. Kila asubuhi ya soko watu wawili hushuka kwenye majani wakiwa na bakuli jeupe. Maji yakitulia bila tope, soko hufunguliwa. Yakiwa na wekundu, watu hupanda kilimani kwanza, na hakuna anayeuliza ni nani aliyesema.