Ndara Ngazini

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Maana yake ni kuwa mtu anayemficha shida yake yule awezaye kuitatua hujinyima nafuu kwa mikono yake mwenyewe. Ukweli huo ulidhihirika katika kliniki moja ya saratani ya damu, nao uliingia mlangoni ukiwa peku mguu mmoja.

Kliniki hiyo ilikuwa ghorofa ya pili ya hospitali kubwa. Daktari mtafiti, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka na kicheko cha karibu, alikuwa akijaribu vidonge vipya kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida hazikuwafaa tena. Kila walipohudhuria aliwapima damu, kisha akawauliza, "Tangu tuonane, mwili umekuambia nini?" Nao wote, kama wanakwaya, walijibu, "Sijambo, daktari." Damu zao zilikuwa zikitakata. Hata hivyo, daktari hakuwa na amani.

"Dawa yenye nguvu ya kuua saratani haiwezi kupita mwilini kimyakimya kama mgeni mwenye haya," alimwambia muuguzi wake. "Kuna kitu hawa wananificha."

Hakukosea. Mgonjwa mmoja, mlinzi wa benki, aliwahi kusema kuwa moyo wake unadunda ovyo. Wiki hiyohiyo akaachishwa vidonge. Kwenye benchi la kusubiria habari zikaenea kama moto wa makuti: mlinzi kafukuzwa! Hapo mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa mwenzao, akawapa somo.

"Sikilizeni, darasa," alisema akiinua kidole. "Mdomo uliponza kichwa. Mkiulizwa, jibu ni moja tu."

"Sijambo!" waliitikia.

"Vizuri. Mmefaulu wote."

Mwanafunzi wake hodari alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Kipenga, kwa kuwa alikuwa mwamuzi wa mpira kwa miaka mingi. Kabla ya vidonge hivyo alikuwa amekonda kama ng'onda, na mkewe alimshika mkono hadi bafuni. Sasa alikula akashiba, na alikuwa amerudia kazi yake ya kuwazomea waamuzi wa kwenye televisheni. Lakini vidole vya miguu vilianza kumchonyota. Baadaye vilikufa ganzi, na ganzi hiyo ikapanda hadi vifundoni. Kipenga alimeza jiwe. Aliogopa kunyang'anywa dawa iliyomrudishia uhai. Tena alimhurumia daktari.

"Binti wa watu kahangaika na utafiti wake," alijiambia. "Nimharibie kwa ajili ya vidole?"

Mkewe alimwona akipepesuka sebuleni. "Baba watoto, mbona unatembea kama unayekanyaga mayai?"

"Ndio uzee huo, mke wangu."

"Uzee gani ulioanza Jumanne?"

Siku ya kliniki ilipofika, Kipenga alipanda ngazi akishikilia ukuta, akamtangulia mkewe, akaingia chumbani kwa daktari na kuketi kifua mbele.

"Mwili umekuambia nini, mzee wangu?"

"Sijambo, daktari! Kama kijana anayekwenda kuposa."

Daktari alitazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndara. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Papo hapo mlango ukafunguka, mkewe akaingia akihema, ndara mkononi.

"Umeiacha ngazini, watu wanairuka kama dimbwi!"

"Ndara gani?" Kipenga aliuliza. Kisha akautazama mguu wake, akauvuta haraka chini ya kiti.

Daktari alivuta kiti karibu. "Ulipokuwa mwamuzi, mchezaji aliyejiangusha akajifanya kaumia ulimfanya nini?"

"Nilimpa kadi ya njano."

"Na aliyeumia akajifanya mzima, nimpe kadi gani?"

"Nyekundu!" alidakia mkewe.

Kipenga hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Usinitoe, mwanangu. Mlinzi alisema, ukamfukuza. Nami sikutaka kukuharibia kazi."

"Mlinzi nilimwachisha kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka," daktari alijibu. "Yu hai, anatibiwa kwa njia nyingine, na jana tu alinipigia simu kunitania. Angenyamaza, tungemzika. Na ninyi mkininyamazia, nitawapa watu wengine dawa hii nikiapa kuwa haina neno, kumbe mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Kwa hiyo mimi utanitoa?"

"Bado sijui. Kwanza tutasimamisha vidonge. Ganzi ikipungua na saratani ikitulia, utaendelea kwa dozi ndogo. Ikishindikana, tutatafuta njia nyingine. Sitakudanganya. Nawe usinidanganye."

Kipenga alitoka na ndara zake zote mbili. Mwalimu alimrukia. "Umesemaje humo ndani?"

"Nimesema yote."

"Basi umekwisha!"

"Mwalimu, na wewe mbona siku hizi hutafuni chochote?"

Mwalimu alitahayari. Kinywa chake kilikuwa kimejaa vidonda, naye kwa majuma kadhaa alikuwa akiishi kwa supu iliyopoa. Kipenga akawasimulia habari za mlinzi. Benchi likageuka soko. Huyu hapati usingizi, yule anatapika alfajiri, mwingine ngozi inamwasha kama aliyelalia upupu. Daktari alichungulia mlangoni.

"Mmoja mmoja jamani!" alipaza sauti, uso umemkunjuka. "Hizi ndizo habari nilizokuwa nikizililia!"

Siku za kusubiri zilikuwa chungu. Kila asubuhi Kipenga alifumba macho, mkewe akamgusa vidole kwa ncha ya kijiko.

"Nimegusa kipi?"

"Sijui."

Alijibu hivyo siku nyingi, na kila alipojibu, alizidi kuhofu kuwa saratani itarudi. Hatimaye, asubuhi moja, aliruka kitini.

"Acha! Unanitekenya!"

Mkewe alirusha kijiko, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Kipenga alirudishiwa vidonge kwa dozi ndogo. Wenzake nao walirekebishiwa matibabu, kila mtu kwa shida yake, na Mwalimu akaanza tena kutafuna karanga mbele ya watu kwa makusudi. Ilipofika zamu ya kupima uboho, daktari alileta majibu mwenyewe, karibu akimbie.

"Dozi ndogo imefanya kazi ileile," alisema. "Vipimo havioni tena saratani. Tutaendelea kukuchunguza, lakini leo cheza."

Kipenga alicheza. Alimzungusha mkewe ukumbini, miguu yote miwili ikijua sakafu ilipo, na benchi zima likawapigia makofi.

"Na mwili umekuambia nini?" daktari aliuliza.

"Mgongo unauma, magoti yanalia, na huyu mama anakoroma!"

Daktari alicheka hadi akashika ukuta. Kipenga alipoficha ganzi, nusura apoteze miguu pamoja na dawa. Alipoifichua, alibaki na vyote viwili, na wenzake wakapata nafuu. Hakika, mficha uchi hazai.